Tone la Tatu Kwenye Kigae Baridi

Siku mliyoniaga pale maabara, Sharon alisimama na kipande cha keki mkononi akasema kwamba miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kuniona nimechanganyikiwa. Mkapiga makofi. Nikatabasamu nikanyamaza, kwa sababu keki ilikuwa tamu na si vizuri kumharibia mtu hotuba yake. Lakini nimekaa nyumbani hapa Nakuru wiki tatu sasa, nikipanga vitabu ambavyo sitavisoma, na maneno yale bado yananikera. Ukweli ni kwamba nimechanganyikiwa tangu siku yangu ya kwanza kazini. Nilichojifunza ni kuficha tu, na kuna wakati kuficha huko kulimvunjia mtu nyumba. Hayo ndiyo ninayotaka kuwaandikia.

Nilianzia kwenye hospitali ndogo ya misheni, upande wa juu wa Keringet. Ilishafungwa, kwa hivyo msiitafute. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo la mbao lililofungukia baraza la wagonjwa. Tulikuwa na hadubini iliyotegemea mwanga wa jua, stovu ya mafuta taa, na friji ya mafuta taa ambayo ilinuka zaidi ya ilivyopoesha. Mkuu wangu aliitwa Mzee Okoth, mtu wa kando ya ziwa, na baridi ya huko juu ilimwonea kila siku ya Mungu. Alivaa sweta mbili ndani ya koti jeupe. Mimi ni mzaliwa wa Molo, nimekanyaga barafu ya asubuhi nikienda shule bila viatu, kwa hivyo nilimcheka, kwanza kimoyomoyo, baadaye hadharani.

Siku hiyo ya kwanza aliniuliza kama chuoni walinifundisha makundi ya damu. Nikasema ndiyo, ni A, B, AB na O.

"Hizo ni herufi," akasema. "Nimekuuliza ni kitu gani."

Sikujua. Nilikuwa na cheti chenye muhuri na sikujua.

"Ni sukari, Tabitha."

Nikadhani ananitania, vile wageni wa kazi wanavyotaniwa. Akanichorea nyuma ya fomu ya kipimo cha choo, maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Kila chembe ya damu imevikwa utando mwembamba wa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo yamebeba vijinyororo vya sukari vilivyochomoza nje, na hata protini zilizopenya kwenye utando huo zimebeba vyake. Mtu wa O ana mnyororo wa kawaida. Ukiongeza sukari moja ya ziada kwenye ncha, amekuwa A. Ukiweka ya aina nyingine, amekuwa B. Aliye na zote mbili ndiye AB. Kwa hivyo kinachonitenganisha na jirani yangu, mpaka damu yake ikiingizwa kwangu inaweza kuniua, ni sukari moja tu.

Nikamuuliza kazi yake ni nini. Akasema seli hutambuana kwa sukari hizo, na kwamba vijidudu navyo vimejua siri hiyo, vingine hushika hapo hapo kwenye sukari ili viingie. Lakini kwa nini mmoja awe A na mwingine B, na wa O asiwe na hata moja na bado apande mlima vizuri kuliko sisi, hapo akakuna kichwa. "Hapo na mimi nimekwama," akasema. Nimesoma mengi tangu siku hiyo na bado tumekwama pamoja, yeye kaburini na mimi hapa na vitabu vyangu.

Tulipima kwa kigae cheupe chenye vishimo, kama kile mnachokifahamu. Unaweka matone ya damu ya mgonjwa, la kwanza unalitia dawa ya buluu, la pili dawa ya manjano, unakoroga kwa kijiti, unakitikisa kigae taratibu. Damu ikishikana vijidonge kwenye buluu, ni A. Kwenye manjano, ni B. Ikishikana kote ni AB, isiposhikana popote ni O. Mpaka hapo hata mtoto wa shule angeweza.

Lakini Mzee Okoth alikuwa na mambo yake mawili ya ziada. La kwanza, asubuhi kabla ya kupima alikiweka kigae juu ya kifuniko cha sufuria ya maji ya moto kwenye stovu, kisha akakigusisha shavuni. Kikiwa na joto la shavu, akakifuta akaanza kazi. La pili, aliweka tone la tatu la damu na kulitia maji ya chumvi tu, bila dawa yoyote. Nilipomuuliza tone hilo ni la nini, alisema, "Hilo kazi yake ni kukaa tu. Likikataa kukaa, hao wengine wawili wanadanganya." Hakueleza zaidi. Alikuwa mwalimu wa mikono, si wa mdomo. Nami nikaamua kwamba kigae anakipasha kwa sababu mikono yake ya ziwani inaganda, na tone la tatu ni uzee.

Julai ya mwaka wangu wa tatu alienda likizo kwao. Siku ya kliniki ya wajawazito foleni ilifika getini. Kulikuwa na umande mgumu juu ya nyasi, na maji ya ndoo yalikuwa na utando wa barafu. Sikuwasha stovu. Nilitaka hata kuwaonyesha wagonjwa kwamba leo yuko mtu wa hapa hapa, asiyetetemeka. Tone la tatu nikaliacha pia, maana linakula muda.

Katikati ya foleni kulikuwa na Chebet, mama kijana wa mimba ya kwanza, amejifunga shuka mbili na anakohoa kikohozi kirefu cha kifuani. Muuguzi alikuwa amemwandikia dawa ya nimonia. Nikamdunga kidole, nikaweka matone mawili kwenye kigae kilichokuwa baridi kama jiwe la mtoni, nikakoroga. Yote mawili yakashikana. AB! Hatukupata wengi wa AB kule. Nikaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, na nikampongeza, kana kwamba amefaulu mtihani.

Chebet alijifungulia hapo hapo kwetu. Mimi mwenyewe nilipeleka majibu yake ya wingi wa damu leba, nikampita akiwa ameshika ukuta, akinitukana kwa Kikalenjin kwa sababu nilikuwa karibu. Mtoto alikuwa msichana, wakamwita Faith. Alipofika mwaka mmoja hivi alilazwa kwa kuhara, na daktari tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa na mazoea ya kutaka kundi la damu la kila mtoto anayelazwa. Nikampima Faith. Alikuwa O.

Alipopona, baba yake alikuja dirishani. Huyo ni Langat, dereva wa lori la viazi, mtu wa kucheka na kila mtu. Mzee Okoth alikuwa ameenda Nakuru kuchukua dawa. Langat akapanga kadi tatu mbele yangu, yake ya kuchangia damu, ya mkewe na ya mtoto.

"Daktari, hebu ona," akasema. Kule walituita sote daktari, nasi hatukukataa. "Mimi O. Mtoto O. Si amenishika mimi kabisa? Huko nyumbani wanasema ni sura ya mama tupu. Leo nimewapata!"

Sikilizeni vizuri. Hakuja kuuliza. Hakuwa na shaka yoyote. Alikuja na furaha yake, na angeondoka nayo kama ningesema tu, "Ndiyo, baba Faith." Badala yake nikaitazama kadi ya Chebet, kitabu changu cha chuo kikanifunguka kichwani, nikasema, "Haiwezekani."

"Nini haiwezekani?"

"Mama ni AB. Wewe O. Mnaweza kuzaa A au B. O hamwezi."

"Unataka kusema nini?"

"Mimi nasema tu vile kitabu kinasema."

Foleni nyuma yake ilisogea karibu. Langat alikusanya zile kadi moja moja, akazitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Asante, daktari," akasema. Nikarudi kwenye hadubini yangu nikijiona msomi. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki hiyo hiyo nikasikia kutoka kwa wamama wa foleni kwamba Langat amempandisha Chebet na mtoto kwenye lori na kuwarudisha kwa wazazi wake, Olenguruone. Nilihuzunika, ila ilikuwa huzuni ya mtu asiyehusika. Nilisema kimoyomoyo, maskini, lakini si angejichunga. Mzee Okoth sikumwambia chochote. Niliona hakuna cha kumwambia.

Miezi kadhaa baadaye Chebet alitokea dirishani, Faith mgongoni, viatu vimejaa tope. Hakunisalimu.

"Nipime tena," akasema.

"Chebet, damu haibadiliki."

"Basi itakuwa ile ile. Nipime." Akaweka mkono wake dirishani, kiganja juu. "Mimi nimelala na mwanaume mmoja maisha yangu yote. Kuna kitu kimekosewa na si mimi."

Nikampima ili aende. Tone la buluu likashikana. La manjano likatulia, jekundu na laini. Nikatikisa. Likatulia. Nikamdunga kidole kingine, nikafungua chupa mpya, nikarudia. A. Nikarudia mara ya tatu. A.

Hapo nilichanganyikiwa ambavyo sijawahi kuchanganyikiwa tena. Nilimtazama usoni kuhakikisha ni yeye. Nikafikiri friji iliharibu dawa mwaka ule. Nikafikiri niliandika majibu ya mtu mwingine. Nikafikiri hata uchawi, mimi na cheti changu. Nilichomwambia ni, "Majibu hayajawa tayari. Rudi wiki ijayo."

"Nimetembea kutoka Olenguruone," Chebet akasema. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, akamtoa mtoto mgongoni akamnyonyesha, na ilikuwa wazi kwamba haendi popote.

Mzee Okoth akaingia kutoka wodini akipuliza vidole. Aliniona nilivyo akafunga dirisha. Nikamweleza yote, kadi ya AB, kadi ya O, Langat, lori. Hakunikemea. Aliniuliza maswali manne, na mpaka leo naweza kuyataja kwa mpangilio.

"Alikuwa anakohoa?"

"Nimonia."

"Kigae ulikipasha?"

"Hapana."

"Na la tatu?"

Nikatikisa kichwa. Akauliza la nne.

"Huyu mtoto ni nani alimzaa?"

"Ni Chebet, nani mwingine?"

"Una uhakika?"

"Mzee, nilimwona leba kwa macho yangu. Siku hiyo alizaliwa mtoto mmoja tu, hata daftari linasema."

"Sawa. Sasa fikiri. Mwanamke wa AB anampa kila mtoto wake A au B. Lazima. Hawezi kuzaa O na Langat, hawezi kuzaa O na mwanaume yeyote duniani. Kadi yako haikusema mtoto si wa Langat. Ilisema mtoto si wa Chebet. Na wewe ulimwona akimzaa. Kwa hivyo mwanaume ameingiaje hapa?"

Nilikaa chini. Miezi yote hiyo jibu lilikuwa limesimama mbele yangu. Ile kadi ilikuwa inapiga kelele kwamba yenyewe ndiyo mbovu, na mimi, na Langat, na foleni nzima, tukasikia kwamba mwanamke ni malaya. Sijui kwa nini masikio yetu yalikimbilia huko moja kwa moja. Hilo nalo nimelifikiria miaka mingi na sijalielewa.

Mzee akanieleza yaliyobaki. Kuna nimonia ambayo baada yake mwili hutengeneza kingamwili za ajabu. Wanadhani mdudu wake hushika zile zile sukari zilizo kwenye seli zetu, hivyo mwili unapojifunza kumpiga mdudu unajikuta umejifunza kushika sukari yake wenyewe. Si sukari ya A wala ya B, bali ule mnyororo wenyewe ambao watu wazima karibu wote tunao. Lakini kingamwili hizo hufanya kazi kwenye baridi. Ndani ya mwili wenye joto zimelala, mara nyingi mgonjwa hata hajui. Weka damu hiyo kwenye kigae cha asubuhi ya Julai, zinaamka na kushikanisha kila kitu, dawa iwepo isiwepo. Ukikipasha kigae, vijidonge vinaachana. Ukiweka tone la tatu, linashikana nalo, nawe unajua umedanganywa. Miezi ikipita, zinapungua na kuisha. Chebet alikuwa A tangu tumboni mwa mama yake, na A na O wanaweza kabisa kuzaa O.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza, na nilikuwa na hasira.

"Ulikuwa unacheka sweta zangu," akasema. Baadaye akaongeza, kwa upole, "Nilipaswa kukuambia. Hilo ni kosa langu."

Nikatoka nikamweleza Chebet pale kwenye benchi, habari ya kigae baridi na tone la tatu, naye akamfunga Faith mgongoni akarudi kwao. Jumapili, baada ya kanisa, mimi na Mzee tulienda mpaka kwa Langat. Alitukaribisha chai. Nilimweleza, nikajikanyaga, nikaeleza upya. Alisikiliza akikizungusha kikombe mezani.

"Kwa hivyo nilimrudisha mke wangu kwa sababu ya baridi?"

"Kwa sababu ya baridi na mimi," nikasema. "Zaidi mimi."

"Na mimi," akasema. Alitoka nje akasimama kando ya lori muda mrefu, mgongo ukiwa kwetu. Mzee Okoth alikunywa chai yake yote na yangu pia, nadhani kwa kukosa la kufanya. Siku ya pili yake Langat aliwasha lori akaenda Olenguruone. Alirudi peke yake.

Alikuja dirishani kunieleza. Chebet alikuwa amemsikiliza, akampa mtoto ambebe, akamwambia yeye harudi kwake. "Anasema wewe uliyasema hapa dirishani watu wakisikia. Uyarudishe hapa hapa."

Nimefanya mambo magumu kazini. Nimepima watoto niliowafahamu na kuona kile ambacho wazazi wao hawajaona bado. Lakini hakuna kilichonishinda kama Jumanne ile. Kliniki ilijaa. Chebet alifika na Faith, akasimama kwenye foleni kama mtu yeyote, zamu yake ikafika, akanitazama tu. Nikatoa kichwa nje ya dirisha. Nikasema kwa sauti kwamba mimi, Tabitha, nilimpima huyu mama vibaya, kwa uvivu na kwa kiburi, kwamba kadi yangu ilikuwa ya uongo, na mtoto ni wa baba yake na hajawahi kuwa wa mwingine. Mama mmoja nyuma akasema, "Rudia, hatujasikia." Nikarudia. Nadhani walisikia mara ya kwanza.

Chebet alikaa kwao mpaka viazi vikavunwa, ndipo akarudi kwa mumewe, kwa siku aliyoichagua mwenyewe. Kadi ile ya wino mwekundu alikataa kunirudishia. Alisema ni yake.

Tangu hapo nimekuwa yule mnayemjua. Nilihamia hospitali ya hapa mjini, nikapata friji za stima na hadubini zenye taa zake, na mnajua nilivyowasumbua. Mnajua pia kwamba sijawahi kumwambia mzazi yeyote dirishani nani anaweza kuzaa nani. Mlidhani ni ukali wa uzee. Sharon, wewe uliwahi kusema mgongoni kwangu kwamba mama huyu anapasha vigae kama chapati. Nilisikia, na nilifurahi, kwa sababu nilikumbuka sweta mbili.

Kuna siku moja tu ambayo Sharon alikuwa karibu kuniona nilivyo, miaka michache kabla sijastaafu. Ilikuwa asubuhi ya mvua na ubaridi. Mjamzito mmoja alikuja kliniki na mama yake. Wewe ulikuwa mezani, Sharon, bado mgeni, mimi niko nyuma na daftari. Nikasikia sauti dirishani.

"Na la tatu?"

"Mathe, kaa tu kwa benchi, tutawaita."

"Nimekuuliza, la tatu liko wapi?"

Ukageuka kunitazama. Nilikuwa nimeshasimama. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi na zangu pia, lakini alikuwa ameegemea dirisha vile vile, kiganja juu. Kando yake alikuwa Faith, mimba ya pili, ana uso wa mama yake mtupu na kicheko cha baba yake. Alikuwa na mafua kidogo.

Nilikichukua kigae mkononi mwako nikakigusisha shavuni. Kilikuwa baridi. Nikakipasha mwenyewe, nikaweka matone matatu, nikayatikisa mbele ya dirisha ili aone. La buluu likatulia. La manjano likatulia. La tatu likakaa, jekundu na laini, likifanya kazi yake ya kukaa tu. Chebet aliinama akalitazama muda mrefu kuliko daktari yeyote niliyewahi kumwona. Nilitaka kumwuliza kama amenisamehe, sikuuliza, na mpaka leo sijui. Alinyanyua kichwa akanitazama machoni.

"Haya," akasema. "Sasa andika."